Uzito wa Kurasa za Afya Usiachwe Mikononi mwa Fundi Peke Yake

Mlango wa kwanza wa hospitali nyingi siku hizi hauko tena getini. Uko kwenye skrini ya simu. Kupitia mlango huo mgonjwa hutafuta siku ya kliniki, huweka miadi, husoma maelekezo ya kujiandaa kwa kipimo, na mahali pengine hupokea majibu yake. Kupitia mlango huohuo mhudumu wa zahanati huingiza takwimu za mwezi, hutafuta mwongozo wa tiba, au hutuma picha ya kidonda kwa daktari bingwa aliye mbali. Mlango ukiwa mzito kufunguka, huduma iliyo nyuma yake, hata ikiwa bora namna gani, haimfikii anayeihitaji.

Mifumo hiyo inayofunguliwa kwa kivinjari, bila kulazimika kusakinishwa kwenye simu au kompyuta, huitwa programu za wavuti. Kila ukurasa wake hujengwa kwa vitu kadhaa vinavyosafiri kutoka kwenye seva hadi kwa msomaji: maandishi, picha, misimbo ya kuendesha shughuli, na mitindo, yaani maagizo yanayoamua rangi, ukubwa wa herufi na mpangilio wa kila kitu. Aghalabu picha ndizo nzito kuliko vyote. Mitindo haina uzito wa kutisha, lakini ina nguvu ya aina nyingine: kivinjari kwa kawaida hakichori ukurasa mpaka mitindo yake iwe imewasili. Picha zikizidi, mgonjwa hulipa; mitindo ikivurugika, mgonjwa husubiri, na pengine hukosea.

Kwa muda mrefu mambo haya yamehesabiwa kuwa ya fundi. Mganga mfawidhi huidhinisha fedha, mkandarasi hujenga mfumo, uzinduzi hufanyika, na hakuna anayeuliza ukurasa una uzito gani. Mazoea hayo yanapaswa kukoma. Uzito wa ukurasa wa afya ni sehemu ya ubora wa huduma, sawa na urefu wa foleni au usafi wa chumba cha sindano, na wenye dhamana ya huduma ndio wanaopaswa kuuwekea kikomo. Kikomo hicho kina mpaka mmoja usiovukwa: picha ya kupamba ipunguzwe bila huruma, lakini picha ya kutibu ilindwe.

Hesabu ya picha moja

Simu janja ya kawaida huweza kupiga picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani nukta milioni 12. Faili ya picha hiyo, hata baada ya kubanwa kwa mfumo wa JPEG, aghalabu huwa na megabaiti 3 hadi 5. Ichukuliwe kwamba picha ya namna hiyo, ya jengo jipya la wagonjwa wa nje, imewekwa juu ya ukurasa wa mwanzo wa mfumo wa miadi kama ilivyotoka kwenye simu ya mpigapicha. Mgonjwa anaufungua ukurasa kwa simu ya bei nafuu ambayo skrini yake ina upana wa pikseli 720. Picha ikijaza upana wote, nukta zinazoweza kuonekana ni 720 kwa 540, yaani 388,800 tu. Hizo hazifiki hata sehemu 1 kati ya 30 ya nukta zilizosafirishwa. Zilizobaki zimelipiwa, zimesubiriwa, kisha zimetupwa bila jicho la mtu kuziona.

Hesabu ya muda ni chungu zaidi. Baiti 1 ni biti 8, hivyo picha ya megabaiti 4 ni megabiti 32. Kwa mtandao unaopitisha megabiti 1 kwa sekunde, picha hiyo huchukua sekunde 32 kufika. Picha hiyohiyo ikipunguzwa ipasavyo hadi kilobaiti 80, hufika kwa chini ya sekunde 1, na mwenye simu ile haoni tofauti yoyote ya maana. Ukurasa wenye picha tano za megabaiti 4 una megabaiti 20 za picha pekee. Mwenye bando la megabaiti 100 akifungua kurasa tano za aina hiyo, bando lake limekwisha kabla hajajua kliniki ya kisukari ni siku gani.

Simu yenyewe nayo huelemewa. Faili ikishafika, kivinjari huikunjua ili kuionesha, na kila nukta kwa kawaida huchukua baiti 4 za kumbukumbu. Nukta milioni 12 huwa megabaiti 48 kwa picha moja. Simu yenye kumbukumbu ndogo huanza kukwama, au huufunga ukurasa wenyewe ghafla. Mgonjwa hudhani simu yake ni mbovu, au kwamba yeye hajui kuitumia. Hakuna anayemweleza kwamba kosa liko upande wa pili.

Msemo wa wahenga kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, unaufaa sana ukurasa wa namna hiyo. Picha za majengo, mashine na viongozi waliosimama mstari mmoja hupendeza machoni mwa aliyeagiza mfumo, ambaye huutazama ofisini kwa mtandao wenye kasi. Kwa mama mjamzito anayetaka kujua kama kliniki iko wazi kesho, picha hizo ni kizuizi.

Nguo hukatwa kwa kipimo cha mwili

Tiba ya tatizo hili inajulikana, na hakuna hatua yake inayohitaji mitambo ya gharama. Hatua ya kwanza ni kupunguza vipimo vya picha kabla ya kuiweka. Picha itakayoonekana kwa upana wa pikseli 720 haina sababu ya kuwa na 4,000. Programu nzuri ya wavuti hutengeneza nakala kadhaa za kila picha mara tu inapopokelewa, ndogo, ya kati na kubwa, kisha kivinjari huchagua inayolingana na skrini ya msomaji. Fundi nguo hampi mtoto kanzu ya mtu mzima akamwambia aikunje.

Hatua ya pili ni kuchagua aina ya faili inayofaa. JPEG, kiwango kilichopitishwa mwaka 1992, hufaa picha za kamera. PNG, iliyokuja mwaka 1996, hufaa michoro yenye rangi chache na kingo kali. WebP, iliyotangazwa na Google mwaka 2010, mara nyingi hutoa faili ndogo kuliko hizo mbili kwa ubora unaokaribiana, na vivinjari vya kisasa huifungua bila shida. Alama ndogondogo, kama ile ya simu, kalenda au gari la wagonjwa, hazihitaji kuwa picha za nukta hata kidogo. Zikiandikwa kama michoro ya mistari ya aina ya SVG huweza kuwa na baiti mia chache tu, na hukuzwa bila kuwa na ukungu.

Hatua ya tatu ni kuleta picha pale tu msomaji anapoikaribia. Picha iliyo mwisho wa ukurasa mrefu isianze kusafiri kabla mgonjwa hajafika huko. Huenda asifike kabisa. Vivinjari vikubwa vya leo vina uwezo huu ndani yake, na fundi huuamsha kwa neno moja katika msimbo wa picha.

Hatua ya nne huonekana ndogo, lakini katika mfumo wa afya ina uzito wa pekee: kila picha itengewe nafasi yake tangu mwanzo. Isipotengewa, maandishi huonekana kwanza, kisha picha huwasili na kuyasukuma chini. Mgonjwa aliyekuwa akigusa kitufe cha kuthibitisha miadi hujikuta amegusa cha kuifuta, kwa kuwa vitufe vimehama chini ya kidole chake. Katika duka la mtandaoni hilo ni usumbufu. Katika mfumo wa kliniki ya macho, yenye nafasi chache na orodha ndefu ya wanaosubiri, kufuta miadi kwa bahati mbaya kwaweza kumgharimu mtu miezi.

Tangazo lisigeuzwe picha

Kuna desturi moja ambayo imeenea mno katika taasisi za afya na ambayo inastahili kukemewa peke yake. Ratiba ya kliniki, orodha ya gharama au tangazo la chanjo huchapwa vizuri, hutiwa nembo na rangi, kisha hupigwa picha au kugeuzwa faili ya picha na kuwekwa kwenye ukurasa. Maneno mia moja, ambayo yangekuwa na kilobaiti 1 hivi kama yangeandikwa kama maandishi, huwa faili yenye uzito mara mia kadhaa au zaidi.

Hasara haiishii kwenye uzito. Maneno yaliyo ndani ya picha hayakuzwi vizuri kwa mzee mwenye macho hafifu. Akiyavuta, herufi hupasuka na mistari hutoka nje ya skrini. Programu inayosoma skrini kwa sauti, ambayo ndiyo macho ya asiyeona, haipati neno la kusoma. Anayetafuta jina la kliniki kwa kuandika haipati. Namba ya simu iliyo ndani ya picha haigusiki ikapiga. Na siku ya kliniki ikibadilika, tangazo zima hulazimika kutengenezwa upya, hivyo lile la zamani hubaki pale pale likiwapoteza watu.

Kanuni ni nyepesi: kinachosomwa kiandikwe. Picha ibaki kwa kile ambacho maneno hayawezi kukionesha, kama namna ya kumshika mtoto wakati wa kunyonyesha au hatua za kutumia kipulizo cha pumu. Na kila picha ya namna hiyo iambatanishwe na maelezo mafupi ya maneno, ili asiyeiona, au ambaye mtandao wake umeshindwa kuileta, asikose ujumbe.

Mitindo: vazi moja kwa mfumo mzima

Katika miaka ya mwanzo ya wavuti, kila ukurasa ulibeba maagizo yake yenyewe ya rangi na herufi, yakiwa yamechanganyika na maneno. Mwezi Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, raia wa Norway aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, alipendekeza lugha ya mitindo iitwayo CSS, na toleo lake la kwanza lilipitishwa rasmi Desemba 1996. Wazo lake kuu ni kutenganisha maudhui na vazi lake. Maneno hukaa mahali pake. Maagizo ya sura hukaa katika faili moja inayotumiwa na kurasa zote.

Faida ya kwanza ni ya uzito. Kivinjari hupakua faili ya mitindo mara moja, huihifadhi kwenye kache, yaani ghala dogo la muda ndani ya simu au kompyuta, na kurasa zinazofuata huitumia bila kuiomba tena. Fundi makini huipa faili hiyo jina lenye namba ya toleo, ili siku mitindo ikibadilishwa, jina libadilike na kila msomaji apate toleo jipya mara moja. Fundi asiye makini hurudia mitindo ileile ndani ya kila ukurasa, au hupachika mafurushi makubwa ya mitindo yaliyotengenezwa na watu wengine ilhali anatumia sehemu ndogo tu. Hali kadhalika, huagiza herufi za mapambo kutoka mbali, kila unene wa herufi ukiwa faili yake, wakati simu ya mgonjwa tayari ina herufi nzuri zinazosomeka.

Faida ya pili ni ya usalama, na hiyo ndiyo ambayo wahudumu wa afya wanapaswa kuidai. Mitindo ikiwa mahali pamoja, rangi moja hubeba maana moja mfumo mzima. Mitindo ikitawanyika, kila ukurasa huwa na lugha yake: nyekundu ni tahadhari ya mzio katika ukurasa wa dawa, ni kichwa cha habari tu katika ukurasa wa maabara, na ni kitufe cha kuhifadhi katika ukurasa wa mapokezi. Muuguzi wa zamu ya usiku, aliyehudumia wodi nzima peke yake, hana nafasi ya kutafsiri lugha tatu. Ndani ya hospitali hakuna anayeruhusu kila wodi ijichagulie rangi ya pipa la taka zenye maambukizi. Skrini haistahili uhuru ambao pipa limenyimwa.

Hata rangi ikiwa moja, isibebe ujumbe peke yake. Wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, nao ni wengi zaidi miongoni mwa wanaume. Jibu la maabara lililovuka kiwango liandikwe neno la kusema hivyo, si kupakwa rangi tu. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, unaotolewa na shirika la W3C, unataka maandishi ya kawaida na usuli wake vitofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, mtindo unaopendwa na wabunifu, aghalabu hushindwa kipimo hicho. Na kwenye simu inayosomwa juani, nje ya zahanati, maneno hayo hupotea kabisa.

Picha ya kutibu si pambo

Hadi hapa hoja imekuwa ya kupunguza. Lakini upo upande wa pili, ambao fundi asiyejua tiba huweza kuukosea kwa nia njema. Mfumo uliofunzwa kubana kila picha inayoingia utaibana pia picha ya kidonda cha mguu wa mgonjwa wa kisukari, picha ya upele wa mtoto, na picha ya eksirei iliyopigwa kutoka kwenye skrini nyingine.

JPEG hupunguza uzito kwa kutupa taarifa, na haitupi kiholela. Kwa kuwa jicho la binadamu hung'amua mabadiliko ya mwanga kuliko mabadiliko ya rangi, mfumo huo kwa kawaida huanza kwa kupunguza undani wa rangi. Kwa picha ya jengo, hilo ni busara. Kwa picha ya ngozi, undani wa rangi ndio ushahidi wenyewe. Katika ngozi nyeusi, uvimbe unaoelezwa vitabuni kuwa mwekundu huweza kuonekana kama zambarau, kijivu au weusi ulioongezeka kidogo, na tofauti kati yake na ngozi nzima ni ndogo. Pengo hilo katika mafunzo ya udaktari ndilo lililomfanya Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha St George's jijini London, ashirikiane na wahadhiri wake wawili kutoa mwaka 2020 kitabu cha mwongozo kiitwacho Mind the Gap, kinachoonesha dalili za magonjwa katika ngozi nyeusi na ya kahawia. Ingekuwa msiba iwapo madaktari wangejifunza kuitambua tofauti hiyo ndogo, kisha mfumo wa hospitali uifute kabla picha haijawafikia.

Ulimwengu wa radiolojia ulitambua mapema kwamba picha ya uchunguzi inahitaji utaratibu wake. Kiwango cha DICOM, kilichopata jina hilo mwaka 1993, huambatanisha picha na taarifa za mgonjwa na za kipimo, na huruhusu ubanaji usiopoteza kitu. Picha za simu zinazotumwa kwa madaktari wa mbali hazina ulinzi wa aina hiyo isipokuwa mfumo umejengwa kuupa.

Upatanisho wa pande hizi mbili hauhitaji miujiza. Picha ya kitabibu ihifadhiwe kama ilivyopokelewa. Sambamba nayo, mfumo utengeneze nakala ndogo ya kuonesha katika orodha, ili daktari mwenye wagonjwa ishirini asilazimike kupakua picha ishirini nzito kabla hajachagua wa kwanza. Nakala hiyo iandikwe wazi kwamba si ya kufanyia uamuzi, na kitufe cha kufungua picha kamili kiwe karibu. Hivyo wepesi hupatikana bila undani kupotea.

Faragha nayo ni sehemu ya usimamizi wa picha. Faili ya picha ya simu huweza kubeba ndani yake tarehe, aina ya simu, na hata mahali ilipopigwa kwa vipimo vya dunia. Picha ya upele iliyopigwa sebuleni huweza kutaja nyumba ya mgonjwa. Taarifa ya mahali huweza kuondolewa bila kugusa nukta hata moja ya picha, na mfumo unapaswa kuiondoa wenyewe bila kusubiri mtu akumbuke. Tena, kache iliyosifiwa hapo juu kwa kuhifadhi mitindo ni hatari kwa picha za wagonjwa: kompyuta ya zamu hutumiwa na watu wengi, na picha iliyobaki ndani yake hubaki kwa yeyote ajaye. Mitindo na nembo zihifadhiwe kwenye kache kwa muda mrefu. Picha ya mgonjwa isiachwe humo kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zote huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Asiyetenganisha aina hizi mbili za picha si kwamba amefanya uzembe wa kiufundi tu. Amejiweka pabaya mbele ya sheria.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema tatizo hili litajiondokea lenyewe kwa kuwa mtandao unazidi kuwa na kasi. Ni kweli kwamba tangu nyaya za chini ya bahari zilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, hali imebadilika sana. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Siku kama hizo ukurasa mwepesi hufunguka kwa shida, na mzito haufunguki kabisa. Ugonjwa hausubiri waya utengenezwe.

Mifumo iliyobuniwa kwa kukumbuka mitandao dhaifu ipo. DHIS2, ulioendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za nchi nyingi zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, huweza kuzihifadhi takwimu ndani ya kivinjari mtandao unapokatika na kuzituma unaporejea. Uwezo huo haukuja kwa bahati. Kuna waliouona mtandao dhaifu kuwa sharti la kazi, badala ya kisingizio.

Wengine husema kwamba ukurasa usio na picha kubwa haumpi mgonjwa imani. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli: mfumo ulioparaganyika huleta shaka, na nadhifu huleta utulivu. Lakini unadhifu hutokana na mpangilio, nafasi, herufi zinazosomeka na rangi zenye maana thabiti, na vyote hivyo ni kazi ya mitindo, ambayo ni nyepesi. Imani ya mgonjwa hujengwa pia na jambo la msingi zaidi: ukurasa kufunguka.

Nani afanye nini

Jukumu la kwanza ni la viongozi wa taasisi. Zabuni ya mfumo wowote wa afya itaje uzito wa juu kabisa wa ukurasa wa kwanza. Nusu ya megabaiti, mitindo na picha zikiwemo, ni kikomo kinachowezekana kwa ukurasa wa miadi au wa maelekezo. Mfumo usipokelewe kabla ya kujaribiwa kwa simu ya bei nafuu, kwa mtandao wa eneo ambalo wagonjwa wanatoka, mbele ya muuguzi na mgonjwa watakaoutumia. Mkataba ueleze kwa maneno yasiyo na utata kwamba picha za kitabibu hazibanwi kwa kupoteza undani, hazibaki kwenye kache, na huondolewa taarifa ya mahali. Na baada ya mwaka, ukurasa upimwe tena, kwa maana kurasa hunenepa kidogo kidogo kila idara inapoongeza tangazo lake. Haba na haba hujaza kibaba, hata cha uzito usiotakiwa.

Mhudumu wa afya naye ana sehemu yake. Kabla ya kutuma tangazo liwekwe kwenye ukurasa, alitume likiwa maandishi. Anapotuma picha ya mgonjwa kwa bingwa, baada ya kupata ridhaa, atumie mfumo uliowekwa na taasisi badala ya programu za kutumiana ujumbe, kwani nyingi za hizo huibana picha bila kumuuliza mtumaji. Na anapoona kitufe kinahama au rangi inapotosha, aliripoti jambo hilo kama anavyoripoti tukio lolote lililokaribia kumdhuru mgonjwa.

Mgonjwa, kwa upande wake, anapaswa kujua kwamba ukurasa usiofunguka si kosa lake wala la simu yake. Ana haki ya kuuliza mapokezi, kuandika kwenye sanduku la maoni, na kudai taarifa ileile kwa njia nyepesi. Malalamiko ya namna hiyo hayajazoeleka. Ndiyo maana wenye mifumo huamini kwamba hayapo.

Kila taasisi ya afya inaweza kuanza leo kwa kazi ya saa moja: kufungua ukurasa wake kwa simu ya bei nafuu iliyozimwa mtandao wa ofisi, kuhesabu sekunde, na kuuliza ni picha gani kati ya zilizochelewesha ingekosekana mgonjwa asipungukiwe na kitu. Hizo ndizo za kupunguzwa kwanza.